Kufunga na kuendesha leza kwenye CNC ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu

Majibu haya ni ya fundi wa Lamu mjini, Shela au Matondoni mwenye CNC ya mezani (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ya aina ya 3018, au inayofanana nayo, anayetaka kufunga leza ya buluu mahali pa mota ya kuchongea. Tunachukulia kwamba bodi yake inaendeshwa na GRBL, programu iliyo ndani ya bodi inayosoma amri na kusogeza mashine. Leza kubwa za kaboni dioksidi zina mambo yake mengine kabisa, nazo hazimo humu.

Nitajuaje kama bodi yangu inakubali leza?

Iunganishe na kompyuta kwa kebo ya USB, fungua LaserGRBL, programu ya kutuma kazi kwa leza, chagua kasi ya mawasiliano 115200, kisha soma mstari wa kwanza unaotokea. Ukisoma Grbl 1.1 na herufi nyuma yake, kama 1.1f au 1.1h, mambo ni mazuri. Ukikuta 0.9 au chini ya hapo, bodi haina hali ya leza na utahitaji kuipakia toleo jipya kwanza. Kompyuta isipoiona bodi kabisa, mara nyingi inakosa programu ya chipu ya CH340, ambayo ndiyo iliyo kwenye bodi nyingi za bei nafuu.

Tangazo linasema leza ni ya wati 40. Kweli?

Karibu kila mara hizo ni wati za umeme unaoingia, au namba ya kuvutia wateja tu. Kinachochoma mbao ni wati za mwanga unaotoka. Kichwa kinachoitwa cha wati 40 mara nyingi hutoa mwanga wa wati 5 hadi 10. Muulize muuzaji neno moja tu: mwanga ni wati ngapi? Akikwepa, mwache. Kwa kuchora jina, nakshi na picha kwenye mbao, wati 5 za mwanga zinatosha. Ukitaka kukata mbao nyembamba za milimita 3, tafuta 10.

Nyaya tatu za leza ni za nini, na zinaenda wapi?

Hapa ndipo leza nyingi zinapofia, kwa hiyo nenda polepole.

Waya wa kwanza unaleta umeme, volti 12 au 24 kulingana na kichwa chako. Soma kibandiko cha kichwa, kisha pima kwa multimita tundu la leza kwenye bodi kabla ya kuchomeka chochote. Kichwa cha volti 12 kikipewa 24 kinaungua papo hapo, na hakuna fundi wa kukifufua. Waya wa pili ni wa GND, yaani hasi. Wa tatu ni wa PWM. Huo ndio unaobeba amri ya nguvu: volti 5 zinazowashwa na kuzimwa takriban mara elfu moja kwa sekunde, na kadiri zinavyokaa zimewashwa ndivyo leza inavyochoma zaidi.

Bodi za 3018 kwa kawaida zina tundu la leza lenye pini tatu tayari. Ukitumia Arduino Uno yenye ngao ya CNC toleo la 3 (bodi ndogo ya Uno na bodi nyingine ya mota inayopachikwa juu yake), jihadhari: ngao hiyo ilibuniwa kabla ya GRBL kuhamisha pini. PWM sasa inatoka pini ya 11, ambayo kwenye ngao imeandikwa kuwa ni ya kikomo cha Z. Ukifuata maandishi ya ngao leza haitawaka kamwe, nawe utaanza kulaumu kichwa kizima kisicho na kosa.

Kichwa cha mwanga wa wati 5 kinakula takriban wati 20 hadi 25 za umeme, sawa na ampea 2 hivi kwenye volti 12. Bodi ndogo huanza kupata joto hapo. Cha wati 10 usikilishe kupitia bodi. Kipe adapta yake ya volti 12 na ampea 5. Lakini ukitumia adapta ya pembeni, hasi ya adapta lazima iungane na hasi ya bodi. Bila hivyo amri ya PWM haina njia ya kurudi, na leza ama haiwaki, ama inawaka bila mpango. Kosa hili linaongoza kuliko yote.

Kabla ya kuunganisha kichwa, pima. Weka $32=0 (hali ya leza izimwe), tuma M3 S1000 (M3 ni amri ya kuwasha, S ni kiasi cha nguvu), na multimita kati ya PWM na GND isome karibu volti 5. Tuma S500, isome karibu 2.5. Tuma M5, amri ya kuzima, ishuke hadi sifuri. Hesabu ikikubali hivyo, unganisha. (Hii ni kwa bodi ambayo $30 yake ni 1000, jibu la mipangilio liko chini.)

Leza inametameta ninapowasha mashine, au inabaki na mwanga hafifu hata baada ya M5. Kwa nini?

Bodi inapoamka, pini ya PWM inakaa sekunde chache bila mwenyewe: haiko juu wala chini, na kichwa kinaweza kuisoma kama amri ya kuwaka. Unganisha rezista ya kiloomu 10 kati ya PWM na GND ili iivute chini. Halafu weka swichi ya peke yake kwenye umeme wa leza, na uzoee mpangilio huu: bodi kwanza, programu pili, miwani tatu, swichi ya leza mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Rezista ni ya shilingi chache na inaokoa jicho.

Ni mipangilio gani ya GRBL nibadilishe?

Tuma $$ na unakili majibu yote kwenye daftari kabla ya kugusa kitu. Kisha:

$32=1 inawasha hali ya leza.
$30=1000 ndiyo S ya juu kabisa.
$31=0 ndiyo S ya chini.

Namba ya $30 lazima ilingane na ile iliyo kwenye programu yako. Chukua mfano huu: programu inatuma S255 ikidhani ndiyo asilimia 100, bodi nayo inajua 1000 ndiyo kamili. Leza itapata robo tu ya nguvu, mbao itapata rangi ya chai ya maziwa, na wewe utahisi umeuziwa kichwa kibovu. Kuna bodi zinazokuja na $30=10000; hapo hali ni mbaya zaidi. Kabla hujarudisha leza kwa muuzaji, angalia namba hii.

M3 au M4?

Zote mbili ni amri za kuwasha leza. Kwa kuchora, M4. Mashine inapokaribia kona inapunguza mwendo, na M4 inapunguza nguvu pamoja nao. Ikisimama, leza inazima. M3 inashikilia nguvu ileile hata mashine ikisimama, na hapo ndipo vidoti vyeusi vya kwenye kona vinapotoka, na moto pia. M3 itumie kutafuta fokasi na mahali pa kuanzia, kwa nguvu ndogo: tuma G1 F1000, kisha M3 S10. G1 ni mwendo wa kazi, F ni kasi yake, na G0 ni mwendo wa kuhama tu. Katika hali ya leza, bila G1 kutangulia haitawaka, kwani kwenye G0 GRBL inaizima makusudi.

Ukibaki na doa jeusi mwanzo na mwisho wa kila mstari wa picha, iambie programu ipitilize milimita 3 hadi 5 kila upande, ili mashine igeuke nje ya picha.

Fokasi naipataje bila kubahatisha?

Mwenye CNC amebahatika, kwa sababu ana mhimili wa Z, unaopandisha na kushusha kichwa. Chukua kipande cha mbao, kiinue upande mmoja kwa kabari ili kiwe mteremko wa milimita 10 hivi, kisha chora mstari mmoja mrefu kutoka chini hadi juu kwa nguvu ya asilimia 30. Mstari utaanza mnene na kufifia, utakonda, kisha utanenepa tena. Pale ulipokonda kuliko pote ndipo fokasi ilipo. Rudisha kichwa juu ya hapo, pima kimo kutoka mbao hadi ukingo wa chini wa kichwa, na ukate kijiti cha urefu huo huo. Kijiti hicho kiandike FOKASI na ukifunge kwenye mashine kwa uzi. Kuanzia siku hiyo kila kazi unaanza kwa kukisimamisha chini ya kichwa na kushusha Z mpaka kigusane.

Kitu chenye mbonyeo, kama kifuu cha nazi, kinachorwa vizuri sehemu ya katikati tu. Kimo kikitofautiana zaidi ya milimita 2 hivi, mstari unaanza kupanuka na kufifia. Chora jina fupi na uache ukingo.

Mbona mashine yangu haivuki milimita 2000 kwa dakika, na jirani ana 6000?

Ya jirani huenda ni ya mikanda. 3018 inasukumwa na skrubu. Kwa kawaida inahesabu hatua 800 za mota kwa kila milimita, na GRBL kwenye Uno inatoa hatua 30,000 hivi kwa sekunde. Gawanya: milimita 37.5 kwa sekunde, yaani 2250 kwa dakika. Ukiandika F6000 mashine itakwenda mwendo wa $110 na $111 tu (mipangilio ya kasi ya juu ya X na Y), au itaruka hatua na picha ipinde.

Kwa hiyo panga muda wako. Picha ya milimita 100 kwa 100, yenye mistari 10 kwa milimita, ina mistari 1000. Hiyo ni milimita 100,000 za safari, na kwa mwendo wa 2000 ni dakika 50 bila kuhesabu kugeuka. Ukitumia mistari 5 kwa milimita ni dakika 25. Kwenye mbao yenye mishipa mikubwa jicho halioni tofauti kubwa, kwa hiyo jaribu 5 au 6 kwanza.

Inapochora picha inasitasita na kuacha madoa.

Bodi inamaliza amri kabla kompyuta haijaleta nyingine. Funga programu nyingine, zuia kompyuta isilale, na tumia kebo fupi ya USB isiyozidi mita 1.5, iliyo mbali na nyaya za mota. Ikiendelea, punguza mistari kwa milimita. Kebo ndefu ya bei rahisi ndiyo inayokatiza kazi kuliko kitu kingine.

Nianze na nguvu na kasi gani kwa mbao zetu?

Usinakili namba za mtu. Chora ngazi ya majaribio kwenye kipande cha mbao ileile: visanduku vya milimita 10, kasi tano kwenda chini (600, 900, 1200, 1600, 2000) na nguvu tano kwenda kando (asilimia 20 hadi 100). Andika kwa kalamu jina la mbao na tarehe, ukitundike ukutani.

Mwembe ni rahisi: mweupe, unachomeka sawasawa, na kahawia yake inaonekana mbali. Mbambakofi ni mgumu na tayari una wekundu, kwa hiyo mchoro hafifu unapotea. Uchome giza, au uutumie kwa mistari ya kufuata kwa patasi tu. Msaji una mafuta na moshi wake unaganda kando ya herufi. Ubandike utepe wa karatasi kabla ya kuchoma, uubandue baadaye. Pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki, mpira wake ukielekezwa mahali mwanga unapogusa, inasafisha kingo kuliko nguvu yoyote utakayoongeza.

Je, leza inaweza kuchonga mlango wa Lamu?

Haiwezi. Inachoma ngozi ya mbao tu. Kina na kivuli cha nakshi vinatoka kwenye patasi na mkono. Lakini inaweza kumpa mchongaji kazi safi ya kuanzia, na hapo ndipo mashine hii ina faida kwetu. Mchoro wa mfaa au wa kizingiti unaorudia ua moja mara kumi na mbili unaweza kuchorwa mara moja kwenye Inkscape, programu ya kuchorea ya kompyuta, kisha leza ikaupiga juu ya mbao mpya kwa mstari mwembamba wa milimita 0.2. Tumia hali ya mistari, si ya kujaza. Nguvu asilimia 10 hadi 15 kwa wati 5, kasi 1500. Mstari uonekane, usizame. Patasi ya kwanza ikipita, weusi wote unaondoka.

Ubao ni mrefu kuliko mashine, ndiyo. Meza ya 3018 inasogea milimita 180 tu mbele na nyuma, kwa hiyo pitisha ubao chini ya daraja na uchore vipande. Gonga ukingo ulionyooka upande mmoja wa meza ili ubao uteleze ukiuegemea. Chora milimita 180, sogeza ubao 160, uache 20 za kurudia. Kila kipande kimalizie na alama mbili ndogo za msalaba; kipande kinachofuata kianze kwa kuweka nukta ya leza, S10, juu ya alama hizo. Ncha zinazoning'inia zishikiliwe na meza laini za kimo kilekile, la sivyo uzito unaivuta mota na mistari haikutani.

Milango ya zamani msiiweke chini ya leza. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na alama ya kuungua kwenye ubao wa zamani haifutiki.

Vitu gani nisichome kabisa?

PVC ya aina yoyote, pamoja na ngozi bandia ya mikoba na viti: moshi wake una asidi ya hidrokloriki, unaharibu mapafu na kutafuna skrubu za mashine. Mbao zilizotiwa dawa ya kijani ya kuzuia mchwa zinaweza kuwa na aseniki. Ngozi ya makubadhi ichome ikiwa imetengenezwa kwa magome; ile ya kromu iache. Akriliki angavu haina hatari hiyo, lakini mwanga wa buluu unaipita na kuchoma meza iliyo chini.

Shaba isiyofunikwa inarudisha mwanga kama kioo. Kasha la njumu lisichorwe juu ya njumu zake, hata kwa jaribio. Mwali unaorudi hauchagui pa kwenda.

Naweza kuifunga barazani, chini ya makuti?

Hapana, na jibu hili halina nafasi ya kujadiliana. Cheche moja juu ya makuti makavu wakati wa kaskazi ni moto wa mtaa mzima. Weka mashine ndani ya chumba cha mawe, juu ya bati au kigae, mbali na pazia na mikeka. Iwe na sanduku linalofunga, feni na bomba la kutoa moshi. Tazama upepo pia: bomba linaloelekea kaskazini mashariki litarudishiwa moshi wote ndani kuanzia Disemba hadi Machi, na linaloelekea kusini litakusumbua wakati wa kusi. Chochoro zetu ni nyembamba. Dirisha la jirani liko mkono mmoja tu, kwa hiyo toa moshi juu, si mbele.

Kizima moto cha poda, chupa ya maji ya kupuliza na kitambaa chenye unyevu vikae karibu. Leza ikiwaka, mtu awepo. Hata ukiitwa kunywa kahawa, simamisha kazi kwanza.

Miwani iwe ya nanometa 450, yenye kiwango cha OD5 au zaidi (OD ni kipimo cha jinsi miwani inavyozuia mwanga). Miwani ya jua haikingi chochote, na ile ya leza ya kaboni dioksidi inapitisha buluu yote. Kila aliye chumbani avae, mtoto akiingia zima. Paka pia afungiwe nje. Anapenda kukimbiza nukta.

Chumvi ya bahari inaathiri nini?

Lenzi kwanza. Hewa ya ufukweni ikichanganyika na moshi inaacha utando, nguvu inashuka kidogo kidogo na wewe unazidi kuongeza asilimia bila kujua. Safisha kila baada ya saa chache za kazi kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kichwa kikiwa kimezimwa na kimepoa. Spiriti ya kusafishia vidonda haifai. Mara nyingi ina mafuta yanayobaki kwenye kioo. Vyuma vya kuteleza vipake mafuta ya cherehani, tone dogo, kila wiki, na ufute yanayozidi kwa sababu yanashika masizi. Ukimaliza kazi, funika mashine.

Stima ikipotea katikati ya kazi?

Kompyuta ya mkononi inabaki na betri lakini bodi inasahau iko wapi. Ndiyo maana kabla ya kuanza, choma msalaba mdogo kwenye ubao wa akiba uliofungwa mezani, pale penye sifuri. Stima ikirudi usiguse kazi. Peleka nukta ya S10 juu ya msalaba, tuma G10 L20 P1 X0 Y0, inayoiambia bodi kwamba hapo ndipo sifuri, kisha endelea kutoka mistari michache kabla ya pale ulipokatikia. Hakikisha mistari ya mwanzo ya faili, yenye G90, M4 na F, imetumwa tena. Bila hiyo mashine itatembea bila kuchoma. UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya umeme, inakupa dakika chache za kusimamisha kazi kwa utaratibu.

Inaniandikia error:9.

Bodi imejifunga baada ya kengele (ALARM), yaani onyo la hitilafu. Tafuta sababu, kisha tuma $X kuifungua.

Nikirudisha mota ya kuchongea, kuna la kukumbuka?

Tuma $32=0 kabla ya kufunga kisu. Katika hali ya leza GRBL inazima PWM kila inapofika G0, kwa hiyo mota itasimama wakati wa kuhama na kisu kitashuka kwenye mbao kabla hakijashika mwendo. Kitavunjika. Chomoa pia tundu la leza, maana M3 ya faili ya kuchonga itaiwasha kwa nguvu kamili. Bandika kikaratasi kwenye mashine chenye mistari miwili: leza $32=1, kisu $32=0.